Rozari ya Kuchemshia Sindano

Nimestaafu. Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, redio na saa ya mkononi, na aliyeichagua hiyo saa sijui kama alikuwa ananitania au hakujua. Kwa sehemu kubwa ya kazi yangu katika zahanati hii ya misheni sikuwa na saa, na watoto niliowapokea bila saa sasa wanaoa na kuolewa. Mmeniomba niwaandikie machache ya ukunga kabla sijayasahau. Vyeo na mishahara nitaviruka, maana vyeo vilikuwa vichache na mishahara mnaijua. Nitaandika habari za kungoja, kwa sababu nusu ya kazi yetu ni kungoja, na mimi nilikuwa mtu asiyejua kungoja hata ugali uive.

Nilifika hapa mwishoni mwa miaka ya sitini, nimekaa juu ya magunia matupu ya pamba kwenye lori lililokuwa likitoka Kahama. Dereva alinishusha Runzewe, njia iliyobaki nikaitembea na sanduku kichwani. Nilikuwa nimetoka chuoni, nimevaa gauni jeupe lililopigwa wanga likawa linasimama lenyewe, na kifuani nimebandika saa ya wauguzi, ile inayoning'inia kichwa chini ili uisome mwenyewe. Nilijiona mtu. Mlangoni pa zahanati alisimama mama mmoja mnene wa Kisumbwa, anajifuta mikono kwenye aproni. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akanitazama kuanzia viatu mpaka kifuani, kisha akaniuliza kama hiyo saa nayo imesomea ukunga.

Huyo ndiye Mama Skolastika. Masista walioanzisha zahanati walimfundisha kazi akiwa binti, na walipohamishwa wakamwachia funguo, sanamu ya Mama Maria na kabati la vifaa. Alivitunza vyote vitatu kwa ukali uleule.

Alasiri hiyohiyo akaletwa mama juu ya kiti cha nyuma cha baiskeli, uchungu umemkolea. Nikainama kumhesabia mapigo ya moyo huku macho yangu yako kwenye saa. Uchungu ukamjia, akatafuta kitu cha kushika, akaikuta saa. Aliing'oa pamoja na kipande cha gauni langu na kuirusha bila hata kutazama inakokwenda, ikaingia kwenye ndoo ya maji ya dawa. Niliiopoa. Iliendelea kutembea kidogo, nadhani kwa adabu tu, kisha ikanyamaza moja kwa moja. Mama Skolastika alinipa pole ya kweli, maana alijua saa ile nimeipenda. Halafu akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akanipa rozari ya mbegu nyeusi, akasema hii hata ikitumbukia kwenye ndoo inaendelea na kazi.

Nilidhani ananifariji. Kumbe alikuwa ananikabidhi kifaa.

Saa ya ukutani ya zahanati ilikuwa imepigwa na radi kabla sijaja, na hakuna aliyeleta nyingine. Mama Skolastika akawa anapima muda kwa sala. Kwa wasio Wakatoliki nieleze: rozari ina mafungu matano, kila fungu lina Baba Yetu moja na Salamu Maria kumi, na kila fungu lina tendo lake la kutafakari. Mabomba ya sindano yalikuwa ya vioo wakati ule, yanachemshwa kila baada ya kutumika, na muda wake wa kuchemka ulikuwa rozari nzima kuanzia maji yanapoanza kutokota. Kipimajoto kilikaa kwapani Salamu Maria kumi. Uchungu uliokuwa ukija kila baada ya fungu moja, ulikuwa na muda wa kunywa uji. Uliokuwa ukija kabla hujafika Salamu Maria ya tano, ulikuwa ni wa kukunja mikono ya gauni.

Katika leba tulisali Matendo ya Furaha peke yake, hata siku za Ijumaa. Matendo ya Uchungu, ambayo ndiyo ya Ijumaa, aliyapiga marufuku, kwa maelezo kwamba watu huyasali kwa kuburuta, sindano zinachemka kupita kiasi na wagonjwa wananyong'onyea. Padri alipolisikia hilo alikuja kumuuliza. Alimkuta Mama Skolastika anafua mashuka, akajibiwa kwamba Baba, uchungu hapa ndani unatosha, hatuhitaji kuagiza mwingine. Padri hakurudi tena na swali hilo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mtoto akishazaliwa, linabaki kondo la nyuma, na hapo ndipo wanawake wengi walipopotea zamani. Mkunga mwenye papara huvuta kitovu. Akivuta kabla kondo halijaachia, damu inafunguka kama bomba lililopasuka, na sisi hapa hatukuwa na damu ya kuongeza wala gari la kukimbilia. Sheria ya Mama Skolastika ilikuwa moja. Mtoto akilia, weka kiganja juu ya tumbo la mama, sikilizia lile fundo la mji wa mimba linavyokazana kama embe bichi, anza rozari, na usiguse kitovu mpaka kirefuke chenyewe au rozari iishe. Mara nyingi kondo lilikuja kati ya fungu la pili na la tano. Likikataa mpaka mwisho, hapo ndipo unaita msaada.

Ni sheria nyepesi, na iliniweka kwenye uanagenzi muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyepita hapa. Shida yangu ilikuwa mwendo. Nikiwa nimetulia nilisali vizuri. Nikiogopa, midomo ilikimbia. Nikiona damu kidogo tu, Salamu Maria kumi zilimalizika kabla mtu hajafunga kanga, na mkono wangu tayari uko kwenye kitovu. Mama Skolastika alikuwa akiupiga ule mkono kofi dogo, kisha anasema neno moja. "Rudia." Aliapa kwamba hataniachia leba peke yangu mpaka nisali kwa mwendo mmoja, iwe kuna raha au kuna balaa. Alisema mtu anayesali mbio hamwombi Mungu, anamfukuza.

Kuna mchana mmoja nyoka alidondoka kutoka darini, tukiwa katikati ya fungu la tatu na mama yuko kitandani. Alianguka sakafuni, akajikusanya, akaingia kwenye boksi la pamba za kufutia. Mimi nilimaliza mafungu yaliyobaki kwa pumzi moja, na miguu yangu ilikuwa imeshapanda juu ya stuli bila kuniuliza. Mama Skolastika hakushtuka. Alisogeza boksi kwa mguu mpaka nje ya mlango, akalifunika kwa beseni, akakaa juu ya beseni, na mzito alikuwa. "Rudia," akasema, "kuanzia Yesu anazaliwa Betlehemu." Nikarudia juu ya stuli. Mama mzazi naye aliitikia, nadhani kwa sababu alimwogopa Mama Skolastika kuliko nyoka.

Miaka ya katikati ya sabini tuliletewa tabibu msaidizi, kijana wa Kisukuma aitwaye Masanja, mwenyeji wa Maganzo, ambako kaka zake walikuwa wakichekecha kokoto kutafuta almasi. Mpole, mchapakazi, mkono wake mwepesi kwenye sindano. Ila hakuwa Mkatoliki. Kwao walisali kwa maneno yao wenyewe, yale yanayomjia mtu moyoni, na yeye moyoni mwake mlikuwa na watu wengi. Siku ya kwanza kuachiwa sufuria ya sindano, aliambiwa asali mpaka ziive. Alianza na wagonjwa, akaja kwa viongozi wa nchi, akashuka kwa wazazi, akaingia kwenye zizi la baba yake na kuwataja ng'ombe kwa majina na rangi. Tuliposikia harufu, maji yalikuwa yameisha na vioo viwili vimepasuka. Aliomba radhi kweli kweli. Alisema alikuwa hajafika kwa ndama.

Ugomvi wa dini ungeweza kuanzia pale, maana vioo vilikuwa adimu kuliko mvua. Mama Skolastika alikaa akashika tama, kisha akamuuliza kama kwao wanakubali Zaburi. Masanja akasema wanaikubali sana. Basi akapewa ile ya Bwana ndiye mchungaji, aisome kwa kurudia mpaka atakapoambiwa basi, kwa sababu imetulia, ina kipimo, na mifugo imo. Tangu siku hiyo jikoni kulisomwa Zaburi na leba ikasaliwa rozari, na sindano zote ziliiva sawasawa.

Kisha ikaja ile miaka ya mwanzo wa themanini ambayo wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa. Sabuni hakuna, sukari hakuna, mafuta ya taa yanasikika redioni tu. Tulinawa kwa majivu, glavu tulizifua na kuzianika kwenye kamba mpaka kuku wakazizoea. Mafuta ya taa yalipokwisha kabisa, Mama Skolastika alichukua debe tupu akaliweka kanisani, mbele ya sanamu ya Mama Maria. Kifuniko alikiondoa. Nilipouliza kwa nini, alisema ili asipate taabu ya kufungua. Padri alilalamika kwamba kanisa linanuka stovu. Debe lilikaa pale mpaka siku mfanyabiashara mmoja wa Ushirombo alipomleta mkewe, akajifungua salama mapacha, na mwenyewe kwa furaha akatuachia mafuta aliyokuwa ameyabeba garini. Mama Skolastika aliyapokea bila kushangaa, akamwambia tu kwamba debe lipo kanisani. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini, lakini tangu hapo nami nikianza kuomba jambo naondoa kifuniko.

Mume wangu Lukas alikuwa mkulima wa pamba na karanga, mtu mkimya mwenye mabega mapana. Nyumbani tulisali rozari kabla ya kula, na yeye aliitikia Maria Mtakatifu, ile nusu ya pili ya Salamu Maria, polepole kama mtu anayepanda mlima na gunia la mtama. Watoto walisinzia kati ya neno na neno, uji ukapoa. Nilimgombeza mara nyingi kwa huo uzito wa ulimi. Miaka ile mibaya, pamba ilipokosa wa kuichukua na mtoto wetu mkubwa Deo akarudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa hata daftari, Lukas alifunga blanketi kwenye baiskeli akaenda kuchimba dhahabu upande wa Geita. Wengi walikwenda. Walichimba kwa sururu na kamba, katika mashimo membamba wanayoyaita maduara, na kila baada ya muda tulisikia duara limewakalia watu mahali fulani.

Niliogopa kila siku aliyokuwa huko, sitawaficha. Nikiamka naogopa, nikifua naogopa. Watu walikuwa wakiniambia Mama Deo wewe una imani kubwa, nami sikujua wameiona wapi. Nilikuwa na imani ya kutosha Salamu Maria moja. Ikiisha naomba ya pili.

Siku ninayotaka kuwasimulia ilikuwa ya kiangazi, jua limesimama juu ya bati. Mama mmoja kijana, Kabula, Msukuma aliyeolewa kijiji cha jirani, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Mtoto alilia vizuri, tumemfunga kwenye kanga. Kondo la nyuma bado. Mimba zake mbili za nyuma zilikuwa zimeharibika na damu ilimwishia nusura afe, kwa hiyo mkunga yeyote mwenye akili alikuwa akimtazama kwa jicho la pekee. Mama Skolastika siku hizo miguu ilikuwa imemvimba, anakaa kwenye kiti pembeni na kunisimamia. Leba alikuwa bado hajaniachia. Nikaweka kiganja tumboni kwa Kabula, nikaanza Matendo ya Furaha.

Dirishani alisimama mama mkwe wa Kabula, Bibi Holo, mwanamke mrefu mwenye bangili mpaka viwikoni. Yeye alishikilia dini ya wazee wake na chupa tupu ya soda. Alitaka Kabula aipulize ile chupa kwa nguvu ili kondo lishuke, kama walivyofanya kwao tangu zamani, na alishatuambia hivyo tangu mtoto hajatoka. Mama Skolastika alimjibu kwa heshima kwamba chupa isubiri kidogo, tutaiita.

Tulikuwa kwenye fungu la pili lori likasimama barabarani. Tulisikia sauti za wanaume, kisha za wanawake, kisha Bibi Holo akatoweka dirishani. Aliporudi alikuwa ameshika kichwa.

"Mama Deo," akasema, "bhasi pole, mayo, mama yangu. Wanasema duara la akina baba Deo limeporomoka tangu asubuhi. Walioonekana nje ni wachache, na yeye hakuonekana."

Masanja alikuwa mlangoni, naye amelisikia. Alivua koti lake jeupe, akachukua baiskeli ya zahanati, akaondoka kuelekea huko, na kwa mbali nikasikia anaanza Zaburi yake huku anakanyaga pedali.

Nilimtazama Mama Skolastika. Nilitaka aniambie nenda, nami nikaogopa kwamba ataniambia nenda, maana miguu yake isingemfikisha kitandani upesi na Kabula asingekuwa na mtu. Hakuniambia nenda wala baki. Alinitazama tu, na mikono yake ilikuwa imeshika rozari kwa nguvu.

Chini ya kiganja changu lile fundo lilikuwa limeanza kulegea, na damu kidogo ikateremka, ya kawaida, lakini siku hiyo niliiona kama mto. Vidole vya mkono wa pili vilikwenda kwenye kitovu vyenyewe. Kuvuta kidogo tu, nikawaza, limalizike, niende kwa mume wangu. Nikavitazama vile vidole. Nikavirudisha tumboni, nikalisugua lile fundo mpaka likakaza tena, nikavuta pumzi, nikasema Salamu Maria. Ikaisha, nikasema nyingine. Mama Skolastika akawa anaitikia.

Bibi Holo, kwa huruma yake, alianza kulia kwa sauti pale dirishani, kile kilio cha Kisukuma kinachopanda na kushuka. Mama Skolastika akamgeukia, akamwomba kwamba kama anataka kunisaidia basi aitikie pamoja naye. Bibi Holo akasema hayajui hayo maneno ya kanisani. Akaambiwa aseme lolote jema alijualo. Basi kila nilipomaliza Salamu Maria, kiti kikasema Maria Mtakatifu, na dirisha likasema wabeja, ndiyo asante ya kwao. Salamu Maria, wabeja. Salamu Maria, wabeja. Tulisali hivyo fungu la tatu lote na la nne lote, na sidhani kama mbinguni walishawahi kupokea rozari ya namna ile. Hata pale nilipokuwa naogopa kupita kiasi, kitu fulani ndani yangu kilitaka kucheka, na hicho ndicho kilichonishikilia.

Nikafika fungu la tano. Tendo lake ni pale Maria anapomkuta Yesu hekaluni, baada ya kumpoteza njiani na kumtafuta kwa uchungu. Nilikuwa nimelitaja mara elfu kwa ajili ya sindano. Safari hii nilishindwa kulitaja mpaka mwisho, Mama Skolastika akanimalizia. Nikaanza Baba Yetu.

Na hapo, juu ya bega la Bibi Holo, nikaona uso mwekundu kwa vumbi, kope nyekundu, nywele nyekundu, meno tu ndiyo meupe. Nyuma yake Masanja anahema, ameshika baiskeli. Alikuwa Lukas. Masanja alikuwa amekutana naye kwenye godauni la pamba, anakuja zake kwa miguu, akampakia nyuma akageuza.

Sijui niwaelezeje. Salamu Maria zote kumi zilinitoka pamoja kama mbuzi waliofunguliwa banda. Nadhani nyingine nilizisali mbili mbili. Nilifika Atukuzwe ya kufungia fungu, nikainua mikono yangu kutoka tumboni kwa Kabula, na mguu mmoja ulikuwa tayari njiani.

"Rudia," akasema Mama Skolastika.

"Mama, si unamwona? Ni mzima."

"Namwona. Ashukuriwe Mungu. Fungu la tano halikuhesabiwa. Rudia."

Miaka yote ile alikuwa akinipigia kofi kwa sababu ya woga. Woga siku hiyo nilikuwa nimeushinda, na furaha ndiyo iliyoniangusha. Nikarudisha kiganja. Lile fundo lilikuwa bado gumu, kwa bahati, yaani kwa rehema. Nikaanza upya, nikasema Salamu Maria ya kwanza huku machozi yananidondokea kwenye aproni, na kabla Mama Skolastika hajafungua kinywa, dirishani ikasikika sauti nzito, iliyochoka, inaitikia Maria Mtakatifu polepole kama mtu anayepanda mlima na gunia la mtama. Bibi Holo akamalizia wabeja. Kwa ulimi ule nilioulaani kila siku mezani, hakuna aliyeweza kukimbia, hata mimi. Kwenye Salamu Maria ya saba kitovu kikarefuka chenyewe, Kabula akasukuma kidogo, kondo likashuka kwenye beseni, zima, halina kipande kilichobaki. Nililigeuza na kulikagua pande zote mbili. Mama Skolastika akalikagua pande zote mbili. Damu ilikuwa kidogo, na fundo chini ya kiganja limekaza kama jiwe.

"Maliza tatu zilizobaki," akasema, "kisha nenda kamwone mumeo."

Nilipotoka, Lukas alikuwa amekaa chini ukutani, Bibi Holo anamnywesha maji kwa ile chupa ya soda, ambayo hatimaye ilipata kazi. Nilimshika uso, nikamshika mabega, nikamhesabu vidole kama mtoto mchanga. Nikamuuliza jinsi Mungu alivyomtoa. Alitazama chini, akasita kwa sababu ya Masanja na Bibi Holo. Kisha akasema jana yake walikula maharage yaliyolala. Asubuhi alipofika mdomoni mwa duara ili ateremke, tumbo likamkamata, akakimbilia porini, na akiwa huko porini akasikia ardhi inaguna. Wenzake wawili walikuwa wameshateremka. Waliwafukua wote wawili, mmoja akiwa hai. Lori lililoleta habari lilikuwa limeondoka yeye akiwa bado porini, nalo lilisimama kila kijiji; yeye alichimba kwa mikono mpaka mwisho, ndipo akadandia gari jingine lililomshusha godauni.

Masanja akasema tushukuru, na akavua kofia. Tulijua maana yake, tukakaa vizuri. Alimshukuru Mungu kwa Lukas, akamwombea marehemu na watu wa nyumbani kwake kwa jina la kila mmoja aliyetajiwa na Lukas, akamwombea aliyeokolewa, akaja kwa Kabula na mtoto, akayashukuru na maharage. Siku hiyo hakuna aliyemwambia basi. Hata Mama Skolastika, aliyejikokota mpaka mlangoni na kuegemea fremu, alingoja ndama wote wakatajwa.

Baadaye, jua limeinama, nikaingia kumtazama Kabula. Alikuwa anamnyonyesha mtoto, uso una rangi. Aliniuliza yule baba aliyekuwa dirishani amejaa vumbi hivyo ni nani. Nikamwambia ndiye mume wangu, ndiye waliyesema amefukiwa. Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Nesi," akasema, "mimi nilidhani mume ni wa mtu mwingine. Ulivyokuwa unasali, nilisema huyu hana shida yoyote, nikalala tu nikatulia."

Nilimfunika shuka. Nilitoka nyuma ya zahanati, penye kamba ya glavu, nikapindua ndoo nikaikalia, nikalia. Nililia vibaya, kwa mbio, bila kituo, kilio kinaingia ndani ya kilio, kuku wananishangaa. Mama Skolastika alikuja kwa miguu yake ile, akasimama kando yangu akaniwekea mkono begani. Nilimngojea aseme. Hakuniambia nirudie. Alitoa mfukoni ufunguo wa leba, akauweka kwenye kiganja changu, akarudi ndani taratibu kuchemsha sindano.